Dakika Kumi na Mbili za Magharibi

Jua lilikuwa linaaga wakati Fundi alipopanda ngazi za nyumbani kwake, kompyuta kwapani, hasira kifuani. Leo alikuwa amedhamiria kumkamata mwizi wa intaneti.

Kazini kila mtu alimwita mama huyu Fundi, hata bosi wake, maana hakukuwa na ruta, kile kidude cha kusambaza intaneti, iliyomshinda. Aibu ilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Kila jioni mtandao ulikata roho. Basi akaandika skripti, programu fupi ya kuipeleleza ruta: kila dakika inaorodhesha vifaa vilivyounganishwa, na kila kimoja kiko karibu kiasi gani. Wiki nzima ikamletea habari ile ile. Simu yake. Simu ya mama mkwe. Na kifaa kisicho na jina, kilichoingia jua likizama, kikakaa dakika kumi na mbili kamili, kikatoka.

Jirani wa chini, aliwaza. Yule mwenye masharubu.

Alifungua mlango polepole. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini. Sebule ilikuwa kimya, taa bado hazijawashwa. Akaifunua kompyuta na kuibeba mikononi kama sinia.

Kifaa kikaingia.

Ukaribu, asilimia arobaini. Akasogea mlangoni, upande wa ngazi za kushukia kwa jirani: ishirini. Akageukia korido. Hamsini... sitini na tano... themanini...

Fundi akasimama.

Huku hakukuwa na jirani. Huku kulikuwa na chumba cha Chiriku.

Chiriku alikuwa binti yake wa miaka sita. Jina hilo la utani alilipata kwa mdomo usiojua kupumzika. Miezi miwili nyuma homa ilimlaza hospitalini siku tisa, daktari akawaambia wajiandae kwa lolote. Siku ya kumi mtoto akaamka, akaomba chai. Lakini tangu hapo maneno yalimpungua, kila wiki machache zaidi. Ni uchovu, daktari alisema. Fundi aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni pa chumba.

"Mbona umewahi leo, mwanangu?" alinong'ona.

"Nani yuko ndani, mama?"

"Mtoto anapumzika. Usiingie. Bado dakika saba."

Dakika saba! Bibi huyu, ambaye hata saa hakuvaa, habari za dakika alizitoa wapi?

Akampita kwa nguvu. Harufu ikampiga usoni, harufu ya nywele zilizoungua. Chiriku alikuwa kitandani, mgongo umekakamaa, uso umeelekea pembeni. Midomo ilimcheza haraka haraka, bila sauti, kama mtu anayetaja kila kitu anachokijua.

Na kutoka pembeni, pasipo na mtu, kitu kilikuwa kinameza.

Gu... gu... gu...

Taratibu. Kwa starehe.

Asilimia mia.

Kidole chake kikafanya kilichozoea kufanya kazini. Akabonyeza "Zuia."

Kumeza kukakoma. Chiriku akaanguka chali kama nguo iliyoteleza kutoka kwenye kamba.

Kifua hakikupanda.

"Umefanya nini?" Mama mkwe alikuwa amemshika mkono, kucha zikizama.

"Nimemkatia!"

"Mrudishe! Mrudishe, unamuua mtoto!"

"Ni nani huyo, mama?"

"Sijui! Alinikuta nalia kwenye korido ya hospitali, siku ile ya tisa. Akasema pumzi atamwachia, yeye atachukua maneno tu. Kidogo kidogo. Akataka nimfungulie njia ya kuingia nyumbani. Nikamsomea lile neno la siri mlilobandika nyuma ya kidude chenu." Akauachia mkono wa Fundi. "Nilidhani maneno si kitu, mwanangu. Si afadhali bubu kuliko maiti?"

Midomo ya Chiriku ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. Fundi akabonyeza "Ruhusu."

Sekunde tano. Kumi. Kumi na tano...

Kifaa kikarudi. Mtoto akavuta pumzi kama aliyeopolewa kisimani.

Dakika ya kumi na mbili ikafika. Ikapita. Ya kumi na tatu. Hakikutoka. Ile harufu ikaacha kitanda, ikamgeukia Fundi, ikamjaa puani, ikamshuka kooni. Viungo vikamkakamaa. Alitaka kumwita binti yake. Jina likamfika kwenye ncha ya ulimi.

Akalisikia likimezwa.

Tangu siku hiyo skripti ilileta badiliko moja tu: dakika zilikuwa ishirini na nne, na kilichokuja kiliwanywa wote wawili kwa pamoja. Fundi aliwahi nyumbani kila jioni, akaketi kwenye kochi na kumpakata mwanawe, wakangoja. Mama mkwe aliilinda ruta kama mboni ya jicho lake. Mume hakuambiwa. Angeambiwa nini? Kazini, Fundi alianza kusema "kile kitu" na "kile kingine." Wenzake walicheka. Naye alicheka nao, mpaka siku alipoishika ruta mkononi na asijue inaitwaje.

Jioni moja mama mkwe alishuka kutupa taka. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Mama na mwana walikuwa kwenye kochi, midomo ikiwacheza bila sauti.

Mlango ukafunguliwa.

"Hodi hodi! Nimewastukiza, eh? Mbona mko gizani?" Mumewe aliweka begi chini, vumbi la safari usoni, akiwatabasamia. Alitoa simu iliyozima, akatazama huku na huku akitafuta pa kuichaji. Akainama kwenye soketi ya ukutani, ilipochomekwa ruta. "Nachaji kidogo tu, mke wangu. Hiki kidude kitasubiri."

Fundi hakuweza kuinua hata kidole. Alilitafuta neno. Lilikuwa neno dogo, lile ambalo mama humpigia kelele mtoto anayesogelea moto.

Alilitafuta kila mahali.

Mumewe akachomoa.