Nilimwanika Wifi Yangu Laivu kwa Sababu ya Kikombe

"Dada, umenifanyia nini?"

Hayo ndiyo maneno niliyokutana nayo nilipopokea simu. Hakuna salamu, hakuna habari za kazi. Mdogo wangu alikuwa analia mpaka pumzi zinakata.

"Nini tena? Kuna nini?"

"Kikombe changu, dada... Kiko kwenye ukurasa wako! Kitoe!"

Mkononi nilikuwa na kikombe cha mteja, cha moto, kimetoka mashineni sasa hivi. Kikaniponyoka, kikapasuka vipande vipande.

Jamani, hata sasa ninavyoandika hapa nina hasira ya kuvunja kikombe kingine. Namkasirikia nani, mtajua wenyewe mbele ya safari.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Vikombe. Nina duka dogo la kuchapisha maandishi kwenye vikombe na fulana, na wateja wangu karibu wote wananipata kupitia video ninazoposti. Nisipoposti wiki moja, duka linakaa kimya, mimi nabaki kufuta vumbi.

Sasa nyumbani mume wangu alishachoka na hiyo simu. Siku moja tunakula, akaweka kijiko chini.

"Mama watoto, chagua. Sisi au hiyo simu?"

"Jumapili ni ya kwenu," nikamwambia. "Simu haifiki mezani."

Nikajiona mjanja kweli. Video za wiki mbili tatu nazipangia siku na saa mapema, halafu zinapanda zenyewe. Mimi niko na wanangu, ukurasa unafanya kazi. Nani kama mimi?

Dukani nilikuwa na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Yeye ndiye anawajibu wateja kwa simu ya duka. Neno la siri la ukurasa tulikuwa tunalijua watu wawili tu, mimi na yeye. Shikeni hapo hapo.

Na kusema ukweli, sikuwahi kumpenda. Anacheka hata pasipochekesha, na simu haimtoki mkononi. Nilikuwa nasubiri akosee tu.

Tuje kwa mdogo wangu. Miaka saba ya ndoa, hana mtoto. Miaka saba ya kuulizwa "vipi, bado tu?" na kila mwenye mdomo. Siku moja akaja dukani, akanivuta nyuma ya rafu za fulana.

"Dada... ninayo."

"Unayo nini?"

Akashika tumbo. Nilipiga kelele mpaka wifi akachungulia, nikamfukuza kwa mkono.

Shemeji yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, na wakati huo alikuwa barabarani. Mdogo wangu hakutaka kumwambia kwa simu. Akataka kile kikombe cheusi ambacho ukitia kitu cha moto weusi unapotea, maandishi yanatokea. Shemeji akirudi, atengewe chai, na chai ikimiminwa asome: BABA, NAKUJA.

"Nikurekodi?" nikamuuliza. Jamani mimi! Hata hapo nilikuwa nawaza video!

"Rekodi mkono tu. Na usiposti mpaka arudi, nimwambie kwanza."

"Naapa."

Nikaurekodi mkono wake ukimimina chai, na kikombe kikabaki dukani kikimsubiri shemeji. Wiki mbili baadaye mimba ikatoka.

Nilikuwa naye hospitali mchana kutwa. Shemeji bado yuko njiani, hajui kama ilikuwepo, hajui kama imetoka. Mdogo wangu alinishika kidole kama alivyokuwa akinishika utotoni.

"Dada, usimwambie mtu yeyote. Akirudi nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Naapa."

Nikarudi dukani, nikakifunga kile kikombe kwenye gazeti, nikakiweka chini kabisa kwenye boksi. Wifi akaniona macho mekundu, hakuuliza.

Halafu ndiyo ikaja simu ile.

Nilikata simu damu imenipanda kichwani. Nikageuka. Wifi amesimama kaunta, simu ya duka mkononi, kama kawaida yake.

"Wifi, ile video..."

"Nyamaza!"

"Nimeshaitoa, wifi. Nimeona ujumbe nika..."

"Umeitoa baada ya kuiposti! Nani mwingine ana neno la siri? Jini?"

"Sikuiposti mimi, haki ya Mungu."

"Muongo! Mshenzi! Nimekupa kazi, unanilipa hivi?"

Wateja wawili walikuwa ndani, mmoja amekuja kuchukua fulana za timu. Walirudi nyuma kinyumenyume mpaka mlangoni.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye adabu. Sikuishia hapo.

Nilichukua simu yangu, nikaitundika kwenye stendi, nikawasha taa ya duara, nikaenda laivu.

"Wapenzi wangu, leo mtamjua nyoka ninayemfuga!"

Na nyinyi mkaja. Mia mbili. Elfu mbili. Elfu saba! Mkaanza.

"Mchane dada, usimwonee huruma!"

"Mawifi wote ndivyo walivyo!"

"Sasa kakufanyia nini? Tuambie basi!"

Nikawaambia. Nilisema huyu mnayemwona ametoa video ya siri ya mdogo wangu wa damu. Nikasema mdogo wangu amehangaika miaka saba, akapata mimba, ikatoka, na mumewe yuko safarini hajui lolote. Nilisema yote kwa uchungu, machozi yananitoka, na mioyo yenu myekundu inapanda kwenye kioo. Nilijisikia shujaa.

Wifi alikuwa amejificha uso kwa fulana ya mteja. Akachukua mkoba wake, akaweka simu ya duka juu ya kaunta, akaondoka.

Nikazima laivu. Nikaichukua ile simu ya duka, natafuta ushahidi. Nilitaka nimmalize kabisa.

Nikaingia kwenye video zilizofutwa. Hiyo hapo. Nikabonyeza maelezo yake.

*Ilipangwa Jumapili, saa saba na dakika kumi mchana. Simu iliyotumika: ya Mama Vikombe.*

Nilisoma mara tatu.

Jumapili. Saa saba mchana. Mezani! Familia imekaa, watoto wananisimulia mambo ya shule, na mimi nimeficha simu chini ya kitambaa cha meza, napanga video. Mimba ilikuwa bado ipo. Shemeji alitarajiwa kurudi Jumanne, nikaipangia Jumatano. Safari yake ikachelewa. Mimba ikatoka. Video nikaisahau, na yenyewe ikapanda saa yake ilipofika, kama nilivyoiagiza.

Nikakaa sakafuni, katikati ya vipande vya kikombe.

Ndipo mdogo wangu akaingia.

Hakuwa analia tena. Afadhali angekuwa analia.

"Samahani," nikamwahi. "Ni mimi, mdogo wangu, niliipanga zamani nikasahau, si wifi..."

"Dada, ile video ilionwa na watu thelathini na moja."

"Najua, lakini..."

"Ilionyesha mkono na kikombe. Hakuna aliyejua ni mkono wa nani. Niliandika kwenye ukurasa wako neno moja tu, 'Itoeni.' Wifi yako akaitoa pale pale. Hakuniuliza kwa nini, hakuniuliza mimi ni nani. Tunaongea na wewe kwenye simu, ilikuwa imeshatoka."

Nikashika kaunta, nikainuka.

"Sasa nijibu. Aliyesema nina mimba ni nani? Aliyesema imetoka ni nani? Aliyesema mume wangu hajui ni nani?"

Jamani...

"Mume wangu amenipigia. Dereva mwenzake amemwonyesha laivu yako wakiwa wamesimama kujaza mafuta. Nilikuomba kitu kimoja tu, dada. Nimwambie kwa mdomo wangu."

Akageuka, akatoka.

Laivu niliifuta. Imesaidia nini? Mlikuwa mmeshaihifadhi, mmeshaikata vipande, mmeshaiwekea muziki! Wengine bado mnayo. Mnanikera, nawaambia wazi. Lakini aliyewaita na kuwamwagia yote ni mimi, kwa hiyo hasira yangu kubwa siwapi nyinyi, naibakiza kwangu.

Mume wangu nilipomweleza yote hakunigombeza. Aliinua tu kitambaa cha meza, akatazama chini yake, akakirudisha. Heri angepiga kelele.

Kwa wifi nilikwenda kwa miguu, nikapiga hodi mara nne kabla hajafungua. Nikamwomba msamaha mbele ya majirani zake, maana nilimtukana mbele ya watu. Amerudi kazini kwa sharti moja. Neno la siri amelibadilisha, analijua peke yake. Nikitaka kuposti, namwomba, na mara nyingi ananinyima.

Shemeji alirudi. Mdogo wangu ameniambia neno la kwanza alilosema kwenye ile simu lilikuwa, "Ulikuwa na nani hospitali?" Hakugomba, hakuuliza alifichwa kwa nini. Wako pamoja.

Mimi, mdogo wangu alinikatia mawasiliano miezi miwili. Juzi ndiyo kaja, akaomba kikombe chake. Nikampa, na gazeti lake.

Nyinyi wenye biashara mnaoishi kwa video kama mimi, nisikilizeni. Siri ya mteja si kitu cha kuposti, hata kama ni mkono tu. Na damu ikikupanda kichwani, tupa simu mbali, ugomvi wako umalizie pale ulipoanzia. Kosa langu la kwanza lilifutwa kabla watu hawajajua. La pili nililifanya nikiwa na hasira, nikiamini natetea haki, na halifutiki.

Mtauliza, mbona unasimulia tena? Nimempelekea mdogo wangu maandishi haya kabla ya kuyaposti. Amesoma yote, amekubali, ila kuna mistari mitatu amesema niitoe.

Nimeitoa. Sikumuuliza kwa nini.