Abiria wa Mzunguko wa Pili

Kiti cha nyuma cha pikipiki kilibonyea, na hakuna aliyekikalia. Springi zililia, nyiii, zikatulia.

Pimamaji alijitakia mwenyewe. Gereji nzima ilimwita hivyo kwa sababu hakuna pikipiki iliyouzwa kabla hajaipima. Siku hiyo alipewa jitu jipya: kiti cha chini, tangi pana, injini ya mashindano. Utaratibu wake ulikuwa mizunguko miwili ya kiwanja. Wa kwanza peke yake. Wa pili na gunia la mchanga nyuma, aone inavyokata kona ikiwa na abiria. Gunia lilikuwa limechanika, naye alishikwa na uvivu, akakipiga kofi kiti kitupu.

"Haya, mwenye kutaka lifti apande!"

Mdomo, jamani! Mtu anaalika asichokijua mchana kweupe, halafu anacheka.

"Si ushone tu gunia, mume wangu?" alisema mkewe, aliyemwandikia vipimo.

"Wewe andika, mama."

Mkewe akaenda kusimama na daftari mwisho wa kiwanja. Pimamaji akaondoka kwa mzunguko wa pili. Gia laini, mwendo safi. Kwenye kona akalala kushoto, na kitu nyuma yake kikalala kulia. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani. Mikono mikavu, ya moto, ikamzunguka kiunoni, ikabana mpaka ubavu wa kwanza ukavunjika kama kijiti, kisha wa pili, na alipofungua mdomo apige kelele ikampanda kifuani, ikapita mabegani, ikavishika viganja vyake juu ya usukani na kuvuta mafuta hadi mwisho, na mbele yao, palepale usukani ulipoelekezwa, alisimama mkewe ameinamia daftari.

"Namtaka yule," sauti ilimnong'oneza sikioni.

"Labda nife!"

Akajitupa upande mmoja kwa uzito wake wote, akaiangusha. Pikipiki ilimburuza kifudifudi, lami ikamchuna uso, chuma kikampondaponda, meno yakatapakaa njiani. Ilisimama hatua mbili tu kutoka kwa mkewe, ikawaka moto.

Mwanamke yule hakupoteza muda kulia. Alimbeba mgongoni, akatimka naye kuelekea barabarani.

"Vumilia, mume wangu, tunafika. Ila usinibane kiuno hivyo, unaniumiza."

Pimamaji alitema damu.

"Mikono yangu imevunjika yote miwili," alinong'ona. "Siwezi hata kukushika."