Mke Mwenza wa Darajani

Ilianza na shati. Mke wa fundi alilitumbukiza kwenye beseni, likatoa harufu ya marashi ya waridi, na chini yake harufu ya chuma kilicholowa mvua. Akalinusa tena. Yeye hakuwa na marashi ya waridi.

"Nani huyo?" alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

Mume akacheka. "Mke mwenzio ni kamba nambari saba."

Kazi yake ilikuwa kubandika nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, kwenye kamba nene za chuma zilizoshikilia daraja. Mwanga ulipita ndani ya nyuzi hizo. Kamba ikikaza au ikilegea, mwanga ulibadilika, na mstari ukapanda au ukashuka kwenye kompyuta ofisini. Siku ya majaribio aligonga kila kamba ili mwenzake aone mstari ukiruka. Wa saba uliruka kabla hajaigonga kamba.

"Huyu kanipenda," alitania. "Haya, nimekuoa."

Mwenzake akaitikia kwenye simu, "Na shahidi niko hapa!"

Mke aliposimuliwa hayo hakucheka. Kesho yake mchana alijitanda mtandio, akaenda ofisini.

"Karibu, shemeji," alisema yule mwenzake, ambaye wote walimwita Miwani. "Leo umetukumbuka?"

Alipovuka kizingiti, mstari wa saba ukapanda. Akatoka, ukashuka. Akaingia tena, ukapanda zaidi, na safari hii akahisi shingo yake ikibanwa taratibu, kama kwa mkono wenye subira, huku chumba kizima kikinuka waridi.

Akaikwapua simu ya Miwani. Mumewe alikuwa huko darajani.

"Mpe talaka yake. Sasa hivi, nisikie."

"We mama, watu watanicheka."

"Ama yeye, ama mimi."

Upepo ulivuma kwenye simu. Kisha mume akasikika akiiambia kamba, "Nimekuacha."

Shingo ya mke ikaachiwa, akavuta pumzi, akaanza kutabasamu kama mtu aliyeshinda kesi, lakini mstari ulikuwa bado unashuka, ukapita alama ya njano, ukapita nyekundu, na kwenye simu chuma kikaanza kulia kama mwanamke aliyefungiwa nje, na Miwani, ambaye hakujua hata alisimama saa ngapi, akanong'ona, "Inalegea. Shemeji, inalegea, na kuna basi la wanafunzi katikati."

Mke alitazama mstari ule. Moyo ulimuuma kuliko shingo.

"Mrejee!" alipiga kelele. "Mrejee mkeo!"

"Nimekurejea," mume alisema.

Mstari ukapanda polepole, ukatulia. Basi likapita.

Jioni ile mume alikula, akanawa mikono, akavaa tena viatu. Harufu ya waridi ilikwisha kufika mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Leo ni zamu yake," alisema bila kumtazama. "Si umesema mwenyewe kwamba ni mke wangu?"