Udongo wa Ntumba kwenye Kidonda

Mvua za kwanza zilipoanguka, Kasmir na mkewe Fortunata walikuwa shambani Milanzi wakibomoa ntumba, yale matuta yaliyofukiwa nyasi mpaka zikaoza. Jembe likateleza, likamkata Kasmir mguuni. Akachota udongo mweusi wa ntumba, akaubandika kwenye jeraha kama baba yake alivyozoea. Fortunata akamsihi aende zahanati. Kasmir akacheka.

“Mama Jane, udongo unaotulisha ndio utakaoniua?”

Mguu ukavimba, homa ikapanda. Fortunata alimkanda huku akisali rozari. Asubuhi moja akamgusa, akakuta mwili umepoa. Akamshukuru Mungu, akaenda kukoroga uji. Aliporudi, Kasmir alikuwa anahema mbiombio, amechanganyikiwa, akimdhania yeye ni mama yake mzazi. Walimkimbiza hospitali, lakini hakurudi.

Baada ya mazishi, jirani yao Lydia, ambaye ni muuguzi, alikuja kukaa naye.

“Homa ilishuka, Lydia,” Fortunata alisema. “Nilishukuru Mungu wakati mtu wangu anakufa.”

Lydia akamweleza polepole.

“Vijidudu viliingia kwenye damu, mama Jane. Baadhi yake vina sumu kwenye kuta zake. Vikimeguka, vipande vya kuta hizo huziamsha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Askari hupiga yowe kuitana. Yowe dogo huponya; homa ni sehemu yake. Likizidi, mwili hujiumiza wenyewe. Mishipa inavuja, presha inaanguka, mwili unapoa. Kule kupoa hakukuwa nafuu.”

“Kumbe askari wake ndio waliomuua.”

“Walikuwa wanamtetea. Yowe liliwazidi.”

Akamweleza la kufanya: kidonda kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kifungwe kitambaa safi, mtu aende zahanati siku hiyohiyo, aulize na sindano ya pepopunda. Mwenye kidonda akihema mbio, akipoa au akichanganyikiwa, akimbizwe hospitali. Fortunata alisikiliza huku machozi yakimtiririka. Yote hayo yalikuwa yamemchelewa Kasmir.

Msimu uliofuata, jembe lilelile lilimkata binti yao Jane kidole cha mguu. Mkono wa Jane ulikuwa umeshachota udongo. Fortunata akaushika.

“Mwaga.”

Akafungua pindo la kitenge, akatoa kipande cha sabuni. Tangu msiba hakuwahi kwenda shambani bila hicho. Akamwosha kwa maji ya dumu, wakaenda zahanati.

Kidonda kilikauka kabla mahindi hayajachipua. Majirani wakampongeza. Fortunata akaitikia amina, akarudi peke yake kubomoa ntumba za upande aliokuwa akilima Kasmir.