Sindano ya Siku ya Saba

Kila jioni saa kumi na moja, Rosenda alifunga madaftari yake, akanawa uso na kwenda kwenye kanisa dogo la kijiji kusali novena ya Mtakatifu Roko, msimamizi wa wagonjwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu homa iliyomvimbisha viungo mwaka uliopita. Daktari aliagiza achomwe sindano kila baada ya majuma manne, bila kukosa. Sindano yenyewe ilikuwa nzito. Ukishachomwa, kukaa ni shida kutwa nzima.

Kijijini kwao, kisiwani Panay, novena ni siku tisa mfululizo. Ukiruka moja, umerudi mwanzo. Mwaka huo siku ya sindano iliangukia siku ya saba. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na kivuko kilirudi jua likizama, sala zimekwisha. Rosenda akapima: sindano inauma, novena haiumi. Uamuzi haukumchukua muda.

Usiku wa siku hiyo bibi yake, Pilar, alirudi kutoka sokoni alikouza vitumbua vya mchele.

"Umechomwa?"

"Nimechomwa, Bibi."

"Mbona umekaa vizuri hivyo?"

"Nimezoea."

Juma la pili baada ya sikukuu ya mtakatifu iliyofunga novena, magoti yalivimba, homa ikapanda, na kupumua kukawa kazi. Akalazwa hospitali ya wilaya. Mama Candelaria, mwongoza sala wa kijiji, alikuja kumwona na chupa ya uji.

"Nilimaliza siku zote tisa," Rosenda alilia. "Sikuruka hata moja! Mbona Mtakatifu Roko amenitupa?"

"Kweli hukuruka. Hata Jumanne ile, siku ya saba, nilikuona mstari wa mbele."

Bibi Pilar, aliyekaa kando ya kitanda, aligeuka. "Jumanne? Jumanne si ulivuka kwenda kuchomwa, wewe?"

Rosenda akasema ukweli wote. Kwamba alidanganya, alikiri haraka. Kwamba aliogopa sindano, hilo lilimtoka kwa shida.

Mama Candelaria hakufoka. "Mwaka niliopasuliwa tumbo, siku nne za novena nilisali kitandani, mpira wa dripu mkononi. Unadhani Mtakatifu Roko anaita majina kama mwalimu wenu?"

Muuguzi akaingia na sindano. Rosenda akajivuta ukutani.

"Haya, tusali hapa hapa," alisema Mama Candelaria, akamshika mkono. "Wewe ongoza."

Aliongoza kwa sauti ya kukatikakatika. Katikati ya sala sindano iliingia, akapiga yowe, kisha akaendelea pale alipoachia. Maumivu yalikuwa yale yale, lakini hofu ilikuwa imempungua, na hilo lilimshangaza.

Baada ya majuma matatu uvimbe ulikwisha. Daktari alisema moyo umeumia kidogo zaidi, ila ungali na nguvu, na sindano zitaendelea kwa miaka mingi.

"Umesikia, mwanangu," Mama Candelaria alimwambia siku ya kutoka. "Mungu hutupa nguvu ya kuvumilia matibabu. Ukiifanya sala kisingizio cha kuyakimbia, unajidanganya mwenyewe, maana Yeye humdanganyi."

Mwezi uliofuata Rosenda alivuka mto. Alimwomba muuguzi angoje kidogo, akafumba macho, akafanya ishara ya msalaba na kusali kimya. Kisha akasema, "Sasa choma."