Harmen na Sauti ya Kutafuna

Harmen alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kila jioni, saa kumi na mbili, alichukua sahani yake ya viazi akaenda kula bandani. Huko mashine ya kukamulia ilinguruma na ng'ombe walicheua. Alikula akiwa amesimama, buti miguuni, kisha akarudisha sahani jikoni bila neno.

Mkewe, Baukje, alikula mezani na binti yao Hiske. Mwanzoni alimuuliza mumewe kwa nini hali nao. Harmen alijibu, "Ng'ombe hawasubiri." Ulikuwa uongo. Miaka ikapita, Baukje akaacha kuuliza. Kisha akaugua, akafa. Mpaka siku ya mwisho aliamini kwamba mumewe anamwonea kinyaa.

Harmen hakumwonea kinyaa hata kidogo. Alimpenda. Lakini Baukje alipotafuna, au alipofyonza chai ya moto, kitu kiliwaka kifuani mwa Harmen. Moyo ulimwenda mbio. Ngumi zilijikunja zenyewe. Alitamani kupindua meza. Hali hiyo ilimwanza tangu utotoni, na hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba anataka kumpiga mkewe kwa sababu ametafuna karoti? Alijiona mtu mwenye roho mbaya, akaona heri akae bandani.

Hiske aliolewa na Wiebe, wakahamia kijiji cha jirani. Huko akajifungua mtoto wa kike. Harmen alivaa shati safi akaenda kumwona.

"Baba, mpokee mjukuu wako," Hiske akasema. "Tumemwita Baukje."

Harmen akampakata mtoto. Machozi yakamlengalenga.

Kwao, mtoto akizaliwa, kila mgeni hupewa mkate mkavu wa duara, umepakwa siagi na kunyunyiziwa vipunje vya sukari. Mtoto akiwa wa kike, vipunje ni vya rangi ya waridi na vyeupe. Kuukataa mkate huo ni kama kumkataa mtoto. Na hakuna chakula kinachopiga kelele mdomoni kama huo. Lolkje, muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumhudumia mzazi, akaleta sinia.

Wiebe akauma. Kacha! Hiske akauma. Kacha, kacha, kacha.

Harmen akatoka jasho. Alijaribu kumtazama mtoto tu, lakini hakuweza. Akamsukumia Lolkje mtoto mikononi, kwa nguvu, karibu amwangushe.

"Acheni! Acheni kelele hizo!" akapiga ukelele. Mtoto akashtuka akaanza kulia. Harmen akatoka nje mbio.

Hiske akamfuata hadi mlangoni, ingawa hata kutembea kulimuuma.

"Hata leo, baba? Ng'ombe mia wanacheua masikioni mwako mchana kutwa, wala huna neno. Mimi na mama tukitafuna, unatukimbia! Basi nenda kwa hao ng'ombe wako."

"Hiske, taratibu," Wiebe akasema.

"Taratibu ya nini? Mama alikufa na taratibu yake. Mwanangu hatakua akichukiwa. Baba, usirudi hapa."

Mlango ukafungwa. Harmen akabaki uani, karibu na baiskeli yake.

Baada ya kumlaza mtoto, Lolkje akatoka.

"Mzee Harmen, umeudhiwa na nini mle ndani?"

"Kutafuna." Aliona aibu hata kulitamka neno hilo.

"Na ng'ombe wakitafuna?"

"Hawanisumbui. Ni watu. Na zaidi ni watu wangu mwenyewe. Nina roho mbaya, dada. Nimezaliwa nayo."

"Mimi si daktari, siwezi kukupima," Lolkje akasema. "Lakini nilimhudumia mama mmoja aliyekuwa hivyo. Hakuweza kuvumilia mumewe akipumua. Kuna hali inaitwa misofonia. Ubongo unasikia sauti ndogo na kuichukua kama hatari. Hasira inawaka kabla mtu hajaamua lolote. Hiyo si roho mbaya."

"Sasa nifanye nini? Nizibe masikio?"

"Ukiziba siku nzima, sauti zitakuuma zaidi ukizibua. Nenda kwa daktari wako. Mweleze yote, usifiche. Mwombe akupeleke kwa mwanasaikolojia anayeijua hali hiyo. Na mwambie binti yako."

"Huyo ndiye mgumu kuliko daktari."

"Ndiyo. Lakini mwambie."

Harmen akashika usukani wa baiskeli. "Kumbe ina jina," akasema. "Na Baukje wangu hakulijua."

Lolkje akarudi ndani kwa mtoto.

Harmen akaenda kwa daktari. Masikio yake yalipimwa, yakaonekana mazima. Kisha akaanza kwenda mjini kwa mwanasaikolojia. Alifundishwa kutambua hasira ikiwa bado changa, kulegeza ngumi na mabega, na kupeleka mawazo kwenye uso wa mtu na maneno yake. Hakulazimishwa kukaa na kuteseka. Aliambiwa: ukizidiwa, toa ishara, toka, pumua, kisha urudi. Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Siku nyingine alitoka mjini akiwa amekata tamaa kabisa.

Mwanasaikolojia alitaka familia ije nayo. Hiske hakupokea simu. Basi Harmen akaenda akasimama mlangoni kwake, kofia mkononi, akaeleza kila kitu.

"Mama yako sikumwonea kinyaa," akamalizia.

"Ungemwambia yeye!" Hiske akalia. "Yeye ndiye aliyetaka kusikia!"

"Ningemwambia. Sikujua nina nini."

Hiske hakumkaribisha ndani siku ile. Lakini wiki iliyofuata alikwenda naye mjini.

Baukje mdogo alipoanza kutembea, familia yote ilikula kwa Harmen. Mtoto aliketishwa kwenye kiti cha bibi yake, akapewa mkate mkavu. Kacha!

Harmen akaweka vidole viwili mezani. Ndiyo ilikuwa ishara. Akanyanyuka akatoka. Wengine waliendelea kula, kama walivyofundishwa, lakini Hiske hakuweza kumeza. Alikuwa akiutazama mlango. Utoto wake wote aliutazama mlango ule, na baba yake hakurudi mpaka sahani zimeoshwa.

Mlango ukafunguka. Harmen akaingia, uso umelowa jasho, akaketi.

"Babu," mtoto akasema, akamnyooshea kipande kilicholowa mate.

Harmen akakipokea. Akakiweka mdomoni. Kacha.

"Mama angefurahi," Hiske akasema kwa sauti ndogo.

"Angefurahi," Harmen akajibu. "Kisha angeniuliza nilikuwa wapi siku zote."

Hiske akamsogezea baba yake bakuli la viazi, naye akapakua.