Taa Nyekundu ya Ukumbi wa Shabaha

Télesphore Ndikumana alikutwa amelala kifudifudi mbele ya mstari wa kupigia risasi, karatasi ya shabaha ingali mkononi. Ilikuwa Jumamosi mchana, Februari 1996, katika ukumbi wa kujifunzia shabaha nyuma ya maghala ya Weston, Toronto. Risasi ilimwingia ubavuni. Alikuwa akijifunza bastola ili apate kazi ya kulinda magari ya fedha.

Inspekta Kamil Nazarali alipofika, mwenye ukumbi, Garnet Hollis, alikwisha kumpata mkosaji.

"Yule pale," alisema, akimnyooshea kidole mzee aliyeketi benchini. "Anverali, mwanachama wa klabu yangu ya shabaha. Taa ilikuwa nyekundu, naye akapiga. Soma bango!"

Bango jeupe lilisema: TAA NYEKUNDU, WOTE ACHENI KUPIGA. Kamil alilitazama kwa muda. Ukuta mzima ulikuwa umefubaa kwa moshi wa baruti, isipokuwa kuzunguka bango, ambako palibaki ukanda wa rangi safi, mpana kama kiganja.

"Limekaa hapa tangu lini?"

"Tangu tufungue. Miaka minane."

Anverali alisimulia kwa Kiswahili cha Tanga. "Mwanangu, sisi wa klabu tulifundishwa nyekundu ndiyo ruhusa ya kupiga. Nilifumba jicho moja, nikalenga, yule bwana akakatiza..."

"Nasikia mligombana na marehemu asubuhi."

"Aliegesha gari mahali pangu, nikamtukana. Wallahi, nilimtukana tu!"

Jumatatu mjane, Pulchérie, aliingia kituoni bila kubisha.

"Mulisema ni aksida, eti ajali tu! Kumbe huyo mzee alimutukana bwana yangu mbele ya watu. Na wewe ni Muhindi kama yeye, munasali pamoja. Utamuficha!"

"Kweli mama, tunasali pamoja," Kamil alijibu, naye damu ikimchemka. "Kama aliua kwa kusudi, nitamfunga pingu mwenyewe."

"Maneno!" Akapiga meza kwa kofi. "Tulikimbia Bujumbura, tukakimbia Uvira. Risasi zote zilimukosa. Ikamupata ya hapa, kwa watu wenye amani!"

Kamil alisimama. Alichukua koti, akaenda Dixon Road kwa Ariane, Mkongo aliyesimamia mafunzo ya walinzi wa magari ya fedha pale ukumbini.

"Dada Ariane, taa nyekundu maana yake nini?"

"Ile yenye kuandikwa kwenye bango."

"Sikuulizi bango. Wewe uliwafundisha nini walinzi?"

"Ikiwaka nyekundu, muache kupiga, muende kuchukua karatasi."

"Na watu wa klabu?"

Ariane akatazama sakafu. "Wale anawafundisha patron mwenyewe, Bwana Hollis."

"Ulimwona Télesphore akienda mbele. Mbona hukumzuia mpigaji?"

"Nilipiga kelele mpaka koo ikauma! Wote walivaa viziba masikio. Nani angesikia?"

Kesho yake Kamil aliwakusanya wote ukumbini, na mjane pia. Alimleta pia mwanachama mmoja wa klabu aliyekuwa safarini tangu Januari na hakujua lolote. Kabla hajamwingiza ndani, aliondoa risasi zote katika bastola ya mwanachama huyo, mbali na macho ya Hollis. Akamsimamisha mstarini akiwa amevaa viziba masikio.

"Bwana Hollis," alisema, "nenda mbele ukaniletee ile karatasi. Ariane atawasha nyekundu. Bango lako linasema wote huacha kupiga."

Hollis hakusogea.

"Nenda! Si sheria yako ya miaka minane?"

"Si lazima..."

"Ariane, washa."

Taa ikawaka. Yule mwanachama akainua bastola moja kwa moja.

"Zima!" Hollis alipiga yowe, akijitupa nyuma ya meza. "Zima, atapiga! Watu wa klabu hupiga kwenye nyekundu!"

Kamil alimshusha mpigaji mkono, akamgeukia Hollis. "Kwa hiyo ulijua. Wala bango hili si la zamani. Lililokuwepo lilikuwa kubwa zaidi, ndiyo maana rangi pembeni haikushika moshi."

"Lilikuwa na amri mbili!" Ariane alilipuka, machozi yakimtoka. "Moja ya klabu, moja ya walinzi. Walikuja siku mbalimbali. Januari patron akawachanganya, nikamwambia ataua mtu. Akanifokea, akasema kazi yangu ni kutabasamu. Siku ile, kabla polisi hawajafika, alilivunja lile bango, akatundika hili, akanambia nikisema, kazi basi."

"Msichana niliyemwajiri juzi anisahihishe mbele ya wanachama wangu?" Hollis alinguruma. "Huu ni ukumbi wangu!"

"Ukamsingizia mzee kuua ili usikubali kwamba Ariane alisema kweli," Kamil alisema, akimfunga pingu. "Utajibu mashtaka ya kifo cha Télesphore, na ya kuharibu ushahidi."

Anverali alifunika uso kwa mikono. Pulchérie alimpita bila kumtazama, akasimama mbele ya Ariane.

"Ulijua, ukanyamaza siku tatu."

"Mama, niliogopa..."

"Usiniite mama."

Kisha akamkabili Hollis.

"Inspekta, Kingereza yangu haitoshi, mutafsirie. Bwana yangu alikufa kwa sababu wewe ulikataa kusahihishwa na mwanamke?"

Kamil alitafsiri, bila kupunguza neno. Hollis aliinamisha kichwa.

"Anasema nini?"

"Hana jibu, mama."

"Basi mutafsirie tena."